Uzoefu wangu: masaa matatu Siena, kati ya konokono na kobe

Siena, mji wa kale wa Italia, niliijua vitabuni kabla sijaikanyaga, kwa hiyo siku niliyolipia matembezi ya kuongozwa nilikuwa na kiburi kidogo. Huyu mwongoza watalii ataniambia nini nisichokisoma? Kumbe nilikuwa na miaka na majina tu. Yeye alikuwa na mji.

Tulikutana asubuhi Piazza del Campo, watu tisa na yeye, mama wa makamo mwenye kitambaa shingoni ambacho nilidhani ni urembo. Uwanja umekaa kama kombe la pwani, matofali mekundu yanateremka taratibu hadi mlangoni mwa Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji. Mistari ya mawe meupe inaugawa vipande tisa, kumbukumbu ya Baraza la Watu Tisa lililotawala kuanzia 1287 hadi 1355. Mama alituketisha chini, pale pale kwenye matofali, akatuonyesha mnara, Torre del Mangia. Jina limetokana na mpiga kengele wa zamani aliyesifika kwa kutapanya mshahara, wakambandika "mla mapato". Mtu kafa, deni la jina linaning'inia juu ya mji mzima.

Ndani ya jumba ndipo nilipotaka kukaa siku nzima. Katika chumba walichokutana wale Tisa, Ambrogio Lorenzetti alichora ukutani mwaka 1338 na 1339. Upande mmoja ni mji wenye utawala bora: mafundi wako juu ya dari wanajenga, mwalimu anasomesha, punda wamebeba mizigo, watu wameshikana mikono wanacheza barabarani. Upande wa pili Dhuluma amekalia kiti, ana pembe, na Haki kafungwa kamba miguuni pake. Mama hakutoa hotuba. Alituambia tusimame walipokuwa wakikaa wakubwa, tutazame kushoto, kisha kulia. Basi. Yaani hawa watu walilipa fedha za mji ili wasutwe na kuta kila wanapofungua kikao! Nina vyumba viwili vitatu vya mikutano huko nyumbani ambavyo ningependa vipakwe rangi hiyo.

Tauni ikaingia 1348. Inaaminika Lorenzetti naye alikwenda nayo. Kanisa kuu lao walikuwa wameanza kulipanua mwaka 1339, kwa ukubwa ambao kanisa lililopo leo lingekuwa mkono tu wa lile jipya. Tauni ikasimamisha kazi. Ukuta wa mbele umebaki peke yake, mrefu, na pale palipotakiwa dirisha unaona mbingu. Unapita katikati ya kanisa ambalo halikuwahi kuwa kanisa, na mkate wako kwapani.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni mitaa. Wenyewe wanaiita contrada, iko 17, na mipaka yake ilitangazwa rasmi 1729. Neno "mtaa" halitoshi. Huu ni mtaa wenye bendera, kanisa, makumbusho, chemchemi ya kubatizia wanamtaa, na mara nyingi adui. Kuna mtaa wa Twiga, wa Bundi, wa Nungunungu; mtaa wa Mnara nembo yake ni tembo. Kile kitambaa cha mama kilikuwa cha Konokono. Tulipofika kona moja akatuonyesha kibao kidogo ukutani, chenye konokono, akakipangusa vumbi kwa kidole gumba kama anayempangusa mtoto mdomo. Hatua chache mbele, kibao kingine: kobe. Hapo akashusha sauti, akaongeza mwendo. Konokono na Kobe ni mahasimu. Nilicheka peke yangu. Mahasimu wa mbio za farasi, ni konokono na kobe.

Mbio hizo, Palio, hukimbizwa tarehe 2 Julai na 16 Agosti, mizunguko mitatu ya uwanja, farasi hawana matandiko, na huisha kwa kama dakika moja na nusu. Hushindana mitaa kumi kati ya yote. Farasi akifika kwanza bila mpandaji, ushindi ni wake vilevile. Kabla ya mbio huingizwa kanisani kubarikiwa, na akiangusha kinyesi humo watu hufurahi, ni bahati hiyo. Zawadi ni bendera ya hariri iliyochorwa, nao wanaiita cencio, yaani tambara. Mtaa uliokaa muda mrefu kuliko yote bila ushindi huitwa "bibi".

Nilimuuliza mama kuhusu Florence, mji hasimu wa Siena tangu kale. Akajibu, "Tuliwapiga Montaperti." Vita hivyo vilikuwa 4 Septemba 1260. Kuhusu mwaka 1555, Siena iliposalimu amri baada ya kuzingirwa, alisema kwa ufupi kwamba muda umekwisha, twendeni.

Sasa malalamiko. Kampuni iliyoniuzia tiketi iliandika kwamba kupanda mnara kumo ndani ya bei. Hakumo. Mama mwenyewe alishangaa, akaona haya kwa kosa lisilo lake. Vifaa vya masikioni vilikwaruza tangu mwanzo, na cha kwangu kikazima kabisa karibu na kanisa, nikabaki kumfuata mama ubavuni kama kifaranga. Niliwaandikia, nikajibiwa mistari miwili ya pole, pesa haikurudi. Mnara niliupanda kwa tiketi yangu nyingine, ngazi takriban 400, magoti yangu yanakumbuka.

Mwisho tulionjeshwa panforte, keki nzito ya lozi na viungo, inang'ang'ania meno kama halua iliyolala. Ina karafuu. Nikajivuna kimoyomoyo, kisha nikakumbuka kwamba walipoanza kuipika, Zanzibar haikuwa na hata mche mmoja.

Mwongoza watalii nampa nyota tano, kampuni mbili. Vaeni viatu bapa, mji wote ni mlima. Nataka kurudi Julai. Kusimama katikati ya uwanja siku ya Palio ni bure, ila ukishaingia umeingia, masaa kadhaa juani na choo hakuna. Nimeshaanza kujizoeza kupunguza chai.