TAHADHARI: Anayejiita mshauri wa ruzuku ya mazingira ni tapeli, kanila hela

Naomba msinicheke. Mnajua nilivyokuwa baada ya ile barua ya onyo kuhusu majitaka ya karakana yangu ya kutia rangi, sitarudia.

Alikuja Jumanne asubuhi. Hakuuliza ofisi iko wapi, alipitiliza hadi kwenye mapipa ya kutilia rangi. Buti miguuni, glavu, kitambulisho shingoni, begi la chupa za sampuli. Akachovya karatasi ya pH, ile ya kupima ukali wa asidi au alkali, kwenye mfereji wetu, ikageuka buluu iliyokolea. Akanyamaza kidogo, akitikisa kichwa kama daktari aliyeshika picha ya eksirei. "Mama, hii imevuka kumi. Ni magadi mnayotumia kushikisha rangi, sivyo?" Ni kweli ni magadi! Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayejua magadi yangu nitamdhaniaje mwizi?

Akasema serikali ina ruzuku ya viwanda vidogo: unalipiwa mtaalamu wa kukufafanulia kanuni, unalipiwa vipimo, unasaidiwa tangi la kutulizia majitaka. Na ruzuku za namna hiyo zipo kweli, msiniambie nilidanganywa na hewa. Tena hakuniahidi vya bure. Alisema sharti nichangie sehemu yangu, na ruzuku nyingi za kweli ndivyo zilivyo. Tapeli ninayemjua mimi huahidi bure. Huyu alinidai, nikamwamini kwa sababu hiyohiyo.

Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke nisiyemjua, akasema ni mhasibu wao. Kesho yake nikatuma tena, ya "kugonga mhuri". Ilikuwa hela ya mishahara. Vijana wangu walisubiri wiki mbili na hakuna aliyenuna, ndiyo maana nashindwa kuwatazama usoni.

Alhamisi ripoti ikafika, kurasa 12, grafu za rangi. Nikaibandika ukutani, mimi huyu! Mkaguzi wa kweli alipokuja akaisoma akiwa amesimama, akauliza sampuli ilichotwa lini. Nikamwambia Jumanne. Akacheka. Humo ndani kuna BOD, kile kipimo cha kuona vijidudu vinakula oksijeni kiasi gani kwenye majitaka. Sampuli hukaa gizani siku 5, nyuzi 20. Yule tapeli kaleta jibu kwa siku mbili.

Na barua yake ilisema ruzuku itanilipia faini. Mkaguzi akaniambia hela hizi ni za kukusaidia ufuate sheria, si za kukulipia ulipoivunja. Kuomba nako huwa hakulipiwi, hasa kwa simu ya mtu binafsi. Mengine sikumbuki, nilikuwa nalia.

Huyu mtu afungwe. Faini haimtoshi, atailipa kwa hela zetu. Avuliwe zile buti mbele ya kila karakana aliyoingia, anyweshwe maji ya mfereji wangu kwa kikombe halafu atuambie pH yake. Na huyo "mhasibu" asiachwe, laini ina jina.

Nimesharipoti polisi. Kama nawe kakupitia, toa ujumbe wa muamala, usiufute kwa aibu kama nilivyotaka kufanya. Namba yake haipatikani tena.

Jana kijana wangu alikuwa anafagia nyuma ya tangi. Kazikuta zile chupa za sampuli, zote nne, maji yetu bado yamo.