Penfolds Bin 389: mvinyo mwekundu wenye nguvu na mizani

Mvinyo mwekundu ninaoupenda sharti uwe na nguvu, na nguvu hiyo iwe na kitu cha kuizuia. Katika mivinyo ya Australia, ule ninaourudia kuliko mingine ni Bin 389 wa kampuni ya mvinyo ya Penfolds, mchanganyiko wa zabibu za Cabernet Sauvignon na Shiraz za jimbo la Australia Kusini.

Shiraz ya bonde la Barossa, kaskazini mashariki mwa Adelaide, huivia katika kiangazi kikavu chenye jua kali, na kadiri sukari inavyopanda ndani ya tunda ndivyo kileo kinavyoongezeka baada ya kuchachushwa. Mvinyo wake hutoka mweusi na mzito, ukinukia zambarau zilizoiva, pilipili manga na chokoleti. Mingi ya namna hiyo hunichosha kabla glasi haijaisha, kwa sababu zabibu ikiiva kupita kiasi hupoteza uchachu, na pasipo uchachu ladha hubaki imelala ulimini. Cabernet huleta kinachokosekana: ukakasi unaokamata ufizi na harufu ya ubichi inayokaribia nanaa. Nayo ikiwa peke yake mara nyingi hupwaya katikati ya kinywa, mahali hasa ambapo Shiraz imejaa.

Bin 389 ulianza na zabibu za mwaka 1960, kazi ya Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa Penfolds, yuleyule aliyeanzisha Grange, mvinyo wao maarufu kuliko yote, mwaka 1951. Hukomazwa katika mapipa ya mwaloni wa Marekani, yakiwemo yaliyokwisha kutumika kwa Grange, na ndiyo maana wapenzi wake huuita mtoto wa Grange. Zabibu zake huchumwa katika maeneo mbalimbali na uwiano wake hubadilika kila mwaka. Wapo wanaodharau mvinyo usiotoka katika shamba moja. Mimi naona kuchagua na kupatanisha ni ufundi kamili, hasa mwaka ambao eneo moja limepata mvua nyingi na jingine limekauka.

Ukiwa mchanga, mwaloni hutangulia mno kwa harufu za vanila na nazi, kiasi cha kulifunika tunda, kwa hiyo naushauri umiminwe katika jagi saa mbili au tatu kabla ya chakula. Uliotunzwa miaka kumi au zaidi mahali penye ubaridi na giza ni mvinyo mwingine kabisa: ukakasi umelainika, zambarau zimegeuka harufu ya ngozi na tumbaku, na kileo chake, ambacho kwa kawaida hufikia asilimia 14.5, hakichomi koo kwa kuwa uchachu bado umesimama. Huo ndio usawa ninaoutafuta.

Naunywa na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta, kwani mafuta na nyama hupunguza makali ya ukakasi. Pilipili kali niiweke mbali, maana kileo huzidisha mwasho wake.

Bei yake si ya kila wiki. Kwa siku za kawaida nachukua Cabernet ya kampuni ya Wynns kutoka Coonawarra, eneo jingine la Australia Kusini, ile ya lebo nyeusi, inayotengenezwa tangu 1954 kwa mizabibu ya udongo mwekundu uliolala juu ya mawe ya chokaa. Ni mwembamba kuliko Bin 389, una nanaa zaidi, na gharama yake ni ndogo kwa kiasi kikubwa.