Kibanda cha kuigizia tulichochongesha Keko: kinafaa darasa la awali, ila mwambie fundi haya mapema

Kama una darasa la awali na umepata laki mbili na kitu za vifaa, nenda Keko, kwa mafundi seremala wa Dar es Salaam, ukachongeshe kibanda cha watoto kuigizia. Achana na jiko la plastiki. Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano huku Mbagala, darasani kwetu tunavyo vyote viwili, na nimeona jinsi kila kimoja kinavyotumika.

Kibanda chenyewe hakina makuu. Fremu ni mbao za paini, ubavuni plaiwudi, mbele kuna dirisha na kaunta, nyuma kuko wazi ili watoto waingie na kutoka bila kubanana. Kaunta iko sentimita 55 kutoka sakafuni, kimo ambacho mtoto wa miaka minne anaegemeza viwiko vyake bila kupanda kitu. Kipimo hicho mpe fundi kwa mdomo na umwandikie, maana wengi wamezoea kaunta za watu wazima. Juu ya dirisha kuna kibao kilichopakwa rangi ya ubao wa shule. Fundi alitaka kuandika DUKA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, nikamkatalia. Angeandika, kingebaki duka mpaka kioze.

Sasa hivi kinakuwa chochote. Leo ni genge, nyanya ni vifuniko vyekundu vya chupa. Kesho ni dirisha la dawa, na aliye ndani anasema kwa sauti nzito, "Moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, na usinywe soda." Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kupita Barabara ya Kilwa, kimekuwa pia dirisha la tiketi, na foleni yake inaishia mlangoni. Watoto wenyewe wanachukua chaki na kuchora kwenye kibao kuonyesha leo kuna nini. Wengine wanachora mistari tu, lakini ukiuliza watakusomea: "Hapa tumeandika tumefunga."

Jiko la plastiki tuliletewa na mzazi mwenye moyo mzuri, aliyelinunua Kariakoo. Linalia kama mafuta yanayokaangwa, lina taa nyekundu na vipande vya piza. Mtoto anabonyeza, linalia, anabonyeza tena, na mwenzake anasubiri zamu ya kubonyeza. Hawazungumzi. Betri zilipoisha ndipo lilipopata kazi: walililaza ubavu, wakalipeleka kibandani, likawa mashine ya risiti. Piza hazijawahi kupikwa hata siku moja. Ugali wa mchanga unapikwa kila siku.

Kuna binti darasani ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kimakonde. Kwenye duara la asubuhi ukimuuliza kitu anatazama viatu vyake. Siku moja alikaa ndani ya kibanda akiwa wakala wa pesa, kipande cha boksi mkononi ndiyo simu. Akaja mteja, kijana ambaye kwenye foleni ya uji lazima amsukume mtu.

"Dada, natoa elfu kumi."

"Taja namba."

Mteja akataja namba zisizo na mwisho. Binti akabonyeza boksi lake zote, moja moja, bila haraka. Kisha akainua uso: "Mtandao unasumbua. Subiri pembeni, wengine wapite."

Yule kijana akasogea pembeni. Akafunga mikono kifuani, akapumua kwa nguvu kama watu wazima wanavyofanya kwa wakala, akasubiri. Wateja wawili walihudumiwa mbele yake na hakumgusa mtu. Binti alipomwita, "Kaka wa elfu kumi, njoo, mtandao umerudi," sauti yake niliisikia nikiwa upande wa pili wa darasa. Sikuwa nimewahi kuisikia hivyo.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliligusa jambo hili kwenye mhadhara wake wa mwaka 1933. Alieleza kwamba kwenye mchezo wa kujifanya, mtoto anafuata sheria kwa hiari yake, kwa sababu kuifuata ndiko kunakomletea raha. Mimi nikimwambia kijana yule asubiri uji, nambana. Akiwa mteja, asiposubiri siyo mteja tena, na mchezo unamwacha. Ndiyo maana naona kona hii ya kuigiza ina haki ya nafasi yake darasani sawa na kona ya kuhesabu, na inaniuma ninapoona shule zinaiondoa ili kuongeza madawati.

Ila wauzaji wa vifaa wanaoandika mitandaoni kwamba kuigiza kunaongeza akili, msiwafuate. Mwaka 2013 Angeline Lillard wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake walipitia tafiti nyingi za miaka iliyotangulia, wakaona kwamba ushahidi wa madai hayo ni dhaifu kuliko inavyosemwa, ingawa kwenye lugha, kusimulia na kutuliza hisia waliona huenda mchezo huu ni njia mojawapo kati ya nyingi. Kwangu hiyo inatosha. Simuahidi mzazi kwamba mwanawe atakuwa daktari kwa kuwa alichoma wenzake sindano za vijiti. Namwambia kwamba mtoto aliyerudi juzi kutoka hospitali amechoma sindano darasa zima, kila mmoja akaambiwa "pole, imeisha," na kwamba baada ya hapo alikuja kula.

Na tafadhali, walimu wenzangu, msiende dirishani kuuliza "nyanya tatu na mbili jumla ngapi?" Watoto wanajibu, wanashuka mabega, mchezo umekufa. Ukitaka kuingia, panga foleni, nunua, lipa, ondoka.

Sasa kasoro, maana zipo. Dirisha lilikuja na kifuniko cha bawaba cha kushusha. Kinapendeza, lakini kikidondoka kinabana vidole. Tumekitoa, tumeweka pazia la kitenge. Mwambie fundi asikitengeneze kabisa. Ubao wa pembeni uligongelewa misumari, na watoto walivyokuwa wakikitikisa kibanda, ncha zikaanza kuchungulia ndani. Dai skrubu, na upitishe kiganja chako kila mahali kabla hujalipa salio. Msasa ulipigwa vizuri nje, chini ya kaunta haukupigwa, na huko ndiko vidole vya watoto vinakoshika. Plaiwudi ya chini inanyonya maji wakati wa kudeki, kwa hiyo tumegongelea soli za kandambili kuukuu miguuni. Harufu ya vanishi ni kali. Kiache kivulini nje mpaka iishe kabisa.

Bei: tulilipa Sh 210,000 pamoja na rangi, na kirikuu cha kukileta Sh 25,000. Ni kizito, kukihamisha kunataka watu wazima wawili. Vya kuchezea usinunue. Makopo ya maziwa, maboksi ya dawa ya meno na vifuniko vya chupa za maji kwa ajili ya hela vinatosha, isipokuwa kama una watoto wa chini ya miaka mitatu, hao wasipewe vifuniko, watavimeza.

Kwa nyumba ya chumba na sebule sikishauri, kitakula nafasi yote. Omba boksi la friji kwenye duka la vyombo vya umeme, mengi huwa wanayatupa. Toboa dirisha kwa kisu, bandika utepe wa gundi pembezoni lisikwaruze, umpe mtoto chaki. Likilowa, kaombe lingine.