Rili ya mtumba saizi 3000 na nailoni "ya 0.40": uzoefu wangu

Nianze na rili yenyewe, yaani kile kifaa cha kuzungushia uzi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, maana haina maneno mengi. Saizi 3000, mtumba, nimeichukua soko la Memorial hapa Moshi kwa elfu 35, breki ya mbele inaachia uzi taratibu bila kushtuka, mkono wake unacheza kidogo ila hausumbui. Kwa anayevua perege bwawa la Nyumba ya Mungu inatosha kabisa. Ishu ipo kwenye nailoni (uzi wa kuvulia) ya kuweka, hapo ndo watu tunapigwa.

Pembeni ya spuli, ile sehemu ya rili inayobeba uzi, kumeandikwa 0.25/240, 0.30/170, 0.35/120. Ya kwanza ni unene kwa milimita, ya pili ni mita zinazoingia. Sasa duka nililoenda kununua nailoni jamaa hata spuli hakuiangalia, kashika pakiti ya 0.40 mita 100, "kaka beba hii, kambale haikati ng'o". Wao hesabu yao ni kilo tu, inabeba kilo ngapi basi. Wakati nailoni ikiwa nene mara mbili inakula nafasi mara nne, kwahiyo unachofanya unachukua unene unazidisha kwa wenyewe halafu unazidisha na mita, 0.25 kwa 0.25 kwa 240 inakuja 15, na hizo namba nyingine mbili ukizipiga nazo zinazunguka hapohapo kwenye 15. Hiyo ndo nafasi ya spuli yangu. Ukigawanya kwa 0.40 mara 0.40 unapata kama mita 94, nikaona itabaki vipande vya mita 6, sio mbaya, nikalipa.

Kuja kuzungusha, spuli imejaa na kwenye pakiti bado ipo ya kutosha tu. Nikaizungushia kwenye kalamu mizunguko 20 imebanana bila kupandana, nikaweka rula: milimita 9. Gawanya kwa 20 ni 0.45! Yaani pakiti inasema 0.40 (na jina la kampuni halipo popote) afu ndani ni 0.45, ambayo kwenye spuli yangu inaingia mita 74 hivi. Hiki kipimo cha kalamu fanya hata ukiwa dukani kama muuzaji ana roho nzuri, hakihitaji venia (kile kifaa cha kupimia unene).

Na hata hizo 74 kuzitumia ni mateso, nailoni nene kwenye spuli ndogo inashika umbo la mviringo, ukirusha inatoka kama springi, inagongagonga kwenye pete za fimbo na chambo kinadondoka karibu tu hapo. Kwa kambale anayekimbilia kwenye mafunjo nailoni nene ina maana yake, sikatai, ila kwa rili hii mwisho wangu ni 0.35.

Nikaenda kuchukua 0.30 ya mita 150, hii nimeipima kweli ni 0.30. Spuli inataka 170 so kuna nafasi ya mita 20 inabaki wazi, na usiiache hivyo, spuli isipojaa nailoni inasuguana na ule ukingo ikitoka na unapoteza umbali. Nikakata mita kama 9 za ile nene nikaweka chini, nikaunga, juu yake ndo 0.30 yote. Imeishia milimita moja na nusu hivi kabla ya ukingo na hapo ndo penyewe, ukijaza mpaka mdomoni inamwagika yenyewe mizunguko mizunguko na utakaa kufungua mafundo wenzio wanavua. Wakati wa kuzungusha ibane kwa kitambaa kibichi ilale vizuri.

Kuhusu zile nyuzi za kusuka, rafiki yangu wa Arusha anavulia Ziwa Duluti na hataki kusikia nailoni. Ni nyembamba kwelikweli na ina nguvu, sawa, ila ukiweka 0.18 kwenye spuli kama yangu inataka zaidi ya mita 450 kujaa, na ukiifunga moja kwa moja kwenye chuma inateleza, spuli inabaki imesimama uzi wote unazunguka juu yake. Lazima nailoni iwe chini. Kwa bei yake na perege wetu hawa mi sioni haja.

Rili yangu ya mtumba naipa 8 kwa 10, ile nailoni ya kwanza 2, na hizo 2 ni kwa sababu imefaa kuwa ya chini. Natafuta spuli ya akiba niweke 0.35 mita 120 za kambale, Memorial sijaiona.