Picha mnato au filamu: kinachobadilika mkononi

Jua la saa saba mchana Goma, mji wa mawe ya volkano mashariki mwa Kongo, halimsumbui mpiga picha mnato: anapandisha kasi ya shuta (pazia la kamera linalopitisha mwanga) hadi 1/2000 ya sekunde, anabonyeza, basi. Kwenye filamu njia hiyo haifai. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shuta hukaa 1/50. Ukiipandisha sana, mwendo wa mtu unakatika-katika. Mwanga wa ziada unaupunguza kwa kichujio cheusi mbele ya lenzi: cha stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) hupitisha sehemu 1 tu kati ya 64. Na kwa umeme wa hezi 50, 1/50 huzuia taa nyingi kumetameta.

Mawe meusi ya volkano ndiyo mtego wenyewe. Kamera ikijipimia, huyaona ni giza na kuongeza mwanga, kisha shati jeupe linaungua, yaani linabaki weupe mtupu. Picha mnato ya faili ghafi (RAW, isiyobanwa na kamera) mara nyingi huokolewa kwenye kompyuta. Video iliyobanwa, ni vigumu. Tena mtu akitoka kwenye mawe kwenda ukuta mweupe, mwanga unaruka katikati ya tukio. Funga mipangilio yote ya kamera kwa mkono isijibadilishe, pamoja na rangi ya mwanga (white balance).

Kuhusu kipato: picha mnato za harusi hulipa upesi, malipo ya filamu hugawanwa na kikosi kizima.