Canter ya 4D33: mwaka wa saba naisukuma

Canter yangu, lori dogo la Mitsubishi, niliinunua ikiwa mzee tayari, na huu ni mwaka wa saba inabeba matenga ya nyanya kutoka Ilula kwenda soko la Ilala, Dar es Salaam. Injini ni 4D33, silinda nne, lita 4.2. Haina turbo wala kompyuta, pampu ya dizeli ni chuma tupu, na taimingi inazungushwa na gia, si mkanda. Ikigoma njiani, fundi yeyote wa dizeli anaielewa.

Mwaka wa kwanza ilinitesa lakini. Ilikunywa dizeli kupita kiasi, asubuhi za baridi ilitoa moshi mweupe mzito, na ukichomoa stiki ya oili unasikia harufu ya dizeli. Nikaambiwa ringi za pistoni zimekwisha, injini ishushwe. Nilishaanza kutafuta hela.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee pale Ruaha Mbuyuni. Aliniambia niwashe gari likiwa la baridi, yeye akashika bomba la juu la rejeta kwa kiganja. Hazikupita dakika nyingi, bomba likaanza kupata vuguvugu pamoja na injini. "Mwanangu, hii haina thamostati, ile valvu ya kufungulia maji yaende kwenye rejeta. Ingekuwepo, hapa pangebaki baridi mpaka maji yapate moto." Tukafungua, nyumba ya thamostati tupu!

Aliyeitoa alitaka gari lisichemshe. Mafundi wengi wanafanya hivyo na ni kosa kubwa. Injini isipofikia joto lake, dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Na sababu yenyewe ya kuchemsha ilikuwa ndani ya rejeta: magamba ya maji ya chumvi ya kisimani. Tulizibua rejeta, tukafunga thamostati mpya, tukaweka kulanti (maji maalumu ya rejeta), tukamwaga oili ile. Moshi ukaisha. Hedi, kile kichwa cha injini, sijaifungua hadi leo.

Mbio haina. Nikipandisha Kitonga na mzigo wa saruji natembea na gia ya pili, jicho kwenye geji ya joto, na mabasi yananipita. Sijali.

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, 15W-40, pamoja na filta. Dizeli ya madumu siitaki hata kwa bei ya bure. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa yakichanganywa. Plunja za pampu, vile vyuma vinavyosukuma dizeli, zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiitia mafuta ya taa zinasagana kavu, na pampu ikifa ndipo utajua bei.

Kinachonifanya niipende zaidi ni usiku ule nilioishiwa dizeli ndani ya hifadhi ya Mikumi, kosa langu mwenyewe. Tulikuwa na dumu moja la akiba tulilojaza kituoni. Baada ya kumimina, utingo akamulika tochi huku akisikilizia tembo, mimi nikalegeza nati juu ya filta na kubonyeza pampu ya mkono ili kutoa upepo ulioingia. Kwanza likatoka povu, kisha mapovu machache, kisha dizeli safi bila upepo. Nikakaza nati, nikapiga stata. Mara ya tatu ikawaka, na saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunashusha matenga Ilala.