Programu ya maswali ya PTCE: hesabu safi, sheria zimechacha

Nianze na jibu, maana najua wengi mnataka kujua kitu kimoja tu: niilipie au nisiilipie programu hii ya kujiandaa na mtihani? Lipa, kama hesabu ndizo zinazokunyima usingizi. Lakini kama unachotafuta ni sheria za dawa, hela yako ikae mfukoni kwanza, au uinunue ukiwa na kitu kingine pembeni cha kuikosoa. Jina la programu nimeliacha makusudi. Kasoro nitakayoieleza ipo kwa zaidi ya muuzaji mmoja, na namna ya kuigundua ni ileile.

Kwa ambaye ndiyo anaanza: PTCE ni mtihani wa PTCB, bodi ya Marekani inayotoa cheti cha CPhT kwa mateknishiani wa famasi. Maswali 90, yote ya kuchagua jibu, kwa dakika 110. Kati ya hayo, 80 yanahesabiwa na 10 yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ijayo, ila huambiwi ni yapi, kwa hiyo yote unayajibu kwa moyo mmoja. Alama zinaanzia 1000 hadi 1600, na kufaulu ni 1400. Ada yake dola 129. Unaweza kuingia kwa kusoma kozi inayotambuliwa na bodi au kwa uzoefu wa kazi wa saa 500. Mimi nimepitia kazini, na hilo lina uzito katika tathmini hii: aliyesoma darasani ana mwalimu wa kumuuliza, mimi nilikuwa na simu na mapumziko ya zamu. Programu ikikosea, hakuna wa kunishtua.

Hesabu, kwa kweli, wamezitendea haki. Si kwamba maswali ni mengi, bali maelezo yake yanaingia akilini. Chukua swali la namna hii: mgonjwa anachoma insulini lispro yuniti 10 mara tatu kwa siku, na amepewa kichupa kimoja cha mililita 10 cha U-100. Dawa itamtosha siku ngapi? U-100 ni yuniti 100 kwa kila mililita, kwa hiyo kichupa kina yuniti 1000. Kwa siku anatumia 30. Unagawanya, unapata 33 na ushee, unaona 33 ipo kwenye majibu, unaibonyeza kwa furaha. Kumbe kichupa hicho kikishafunguliwa kinatupwa baada ya siku 28, kwa hiyo jibu ni 28. Programu haikuishia kuniambia 28 ndilo sahihi. Ilieleza anayechagua 33 amesahau nini, anayechagua 100 amehesabu dozi moja tu kwa siku, na anayechagua 3 amesoma U-100 kama yuniti 100 za kichupa kizima. Kila jibu baya lina maelezo yake. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu.

Aligesheni, yaani njia ya kuchanganya vimiminika vya nguvu tofauti ili kupata nguvu unayotaka, vilevile. Unatakiwa kutengeneza mililita 500 za alkoholi ya 40% kutoka kwenye ya 70% na ya 20%. Wanakuchorea kile kisanduku: 70 juu, 20 chini, 40 katikati, unatoa kwa mshazari unapata sehemu 20 za ile kali na sehemu 30 za ile hafifu. Jumla sehemu 50, kila sehemu mililita 10, basi ni mililita 200 na 300. Halafu wanakulazimisha kuhakiki: 140 na 60 ni 200, na 200 ni 40% ya 500. Hatua hiyo ya kuhakiki watu huiruka, na programu haikuruhusu kuendelea bila kuijaza. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikawa naifanya hata kazini. Kukagua namba ya DEA ya daktari (DEA ni shirika la Marekani linalosimamia dawa zinazodhibitiwa) nako wanakufundisha hivyohivyo: katika AB1234563, jumlisha 1, 3 na 5 upate 9; jumlisha 2, 4 na 6 upate 12, zidisha mara mbili, 24; zote pamoja 33, na kwa kuwa 33 inaishia na 3, tarakimu ya mwisho ya namba hiyo lazima iwe 3.

Kadi za majina ya dawa ni za wastani. Zinakufundisha miishio: -pril na -sartan za presha, -olol za kutuliza mapigo ya moyo, -statin za lehemu. Na nashukuru hazikuacha mtego wa aripiprazole, ambayo inaishia kama omeprazole na wenzake wa asidi ya tumbo lakini ni dawa ya magonjwa ya akili. Hydroxyzine na hydralazine, moja ya mzio na wasiwasi, nyingine ya presha, zimewekwa kwenye kadi moja zikiwa na herufi kubwa katikati, hydrOXYzine na hydrALAZINE, kama zinavyoandikwa kwenye rafu ili watu wasizichanganye. Ubaya ni kwamba kadi zinakuja kwa alfabeti, kila siku zilezile kwa mfuatano uleule. Baada ya muda unaijua dawa kwa sababu imefuata ya jana, si kwa sababu umeielewa. Mimi niliziandika upya kwenye karatasi nikazichanganya kama karata.

Sasa sheria. Hapa ndipo palinikera.

Swali moja liliniambia hydrocodone, dawa kali ya maumivu, ikichanganywa na acetaminophen iko Jedwali la III katika madaraja ya Marekani ya dawa zinazodhibitiwa, ambamo namba ndogo ni masharti makali zaidi. Ilikuwa kweli zamani. Tangu Oktoba 2014 iko Jedwali la II, na tofauti si ya karatasi tu: dawa ya Jedwali la II hairudiwi kwa cheti kilekile cha daktari, mgonjwa anahitaji cheti kipya, na famasi inaiagiza kwa Fomu 222 ya DEA au mfumo wake wa kielektroniki. Dawa za Jedwali la III na IV zinaweza kurudiwa hadi mara tano ndani ya miezi sita. Anayeikariri ile ya zamani anakosa swali la mtihani, sawa, lakini akiwa kaunta anamwahidi mgonjwa mwenye maumivu dawa ambayo hatapewa.

Nikaanza kuisaka programu kama mkaguzi. Ranitidine bado imo kwenye dawa za asidi, ilhali FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni mwaka 2020. Clozapine, dawa ya magonjwa ya akili, bado inaulizwa kwa mpango wake wa REMS, yaani masharti ya ziada ya usalama kwa dawa yenye hatari kubwa, ambao FDA iliufuta mwaka 2025. Hilo la mwisho ningelisamehe, ni la juzi. Kubwa kuliko yote, maswali yamepangwa katika sehemu tisa, wakati PTCB iliziweka nne tangu mwaka 2020: dawa, matakwa ya sheria za serikali kuu, usalama wa mgonjwa na ubora, na uingizaji na ushughulikiaji wa maagizo. Kwa hiyo ile grafu nzuri inayokuonyesha "umeiva asilimia kadhaa" inapima mtihani ambao haupo tena.

Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu, wakanishukuru, na swali la hydrocodone likarekebishwa. Ranitidine nimeiacha pale pale ilipokuwa.

Mtihani wao wa majaribio sikuupenda pia. Unakuonyesha jibu mara tu unapobonyeza, na hakuna namna ya kuuzima mtindo huo. Kwenye mtihani halisi unapata sekunde 70 na kitu kwa kila swali, unaweza kuweka alama kwenye linalokusumbua na kulirudia, na hakuna anayekupigia makofi katikati. Stadi ya kuliacha swali gumu likae, uendelee, urudi, programu hii haikufundishi. Mimi nilitumia saa ya jikoni na maswali niliyoyanakili.

Siku yenyewe, kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani, simu inafungiwa kabatini, kikokotoo kipo kwenye skrini. Maswali siwezi kuyasimulia, unakubali masharti ya usiri kabla ya kuanza. Ninachoweza kusema ni kwamba hesabu zilinikuta nimetulia, na kwa hilo programu inastahili sifa. Upande wa sheria nilisimama kwa muhtasari wa mada unaotolewa bure na PTCB kwenye tovuti yao, pamoja na mfamasia wa zamu yetu, ambaye kwa bahati anapenda kuulizwa. Jibu la awali la kufaulu au kufeli linatokea kwenye skrini ukimaliza. Langu lilikuwa la kufaulu.

Nyota tatu kati ya tano. Ukitaka kujaribu programu yoyote ya aina hii, tumia siku za majaribio za bure, kama zipo, kutafuta neno hydrocodone kabla ya kitu kingine chochote; likikujia na Jedwali la III, ujue benki ya maswali haijaguswa kwa zaidi ya muongo. Ukiamua kununua hii yangu, chukua usajili wa mwezi, si wa mwaka, na uzime kujirudia kwa malipo siku hiyohiyo, maana kitufe chake wamekificha chini kabisa ya ukurasa wa akaunti, baada ya lugha na rangi ya skrini.